Kaye (daftari) ya deni ya Uruk: maswali yenu juu ya miji ya kwanza

Jamboni wasomaji wa Goma. Toleo lililopita niliweka kipande kidogo juu ya Uruk, ule mji wa Wasumeri kule kusini ya Iraki ya leo, nikasema kwamba zaidi ya miaka 5000 iliyopita watu wanaokadiriwa kufika 40,000 walikuwa tayari wanaishi pamoja pembeni ya mto Eufrati. Nilifikiri nitapata barua mbili tatu, nimepata za kujaza mfuko wa sukari. Siwezi kujibu zote. Na wale mlioniandikia juu ya parseli (viwanja) za baba yenu, hayo pelekeni kwa avoka (mwanasheria), mimi nilikuwa mwalimu wa historia tu.

*Mwalimu jambo. Niko mwanafunzi wa mwaka wa sita, Himbi. Ku masomo banatufundisha kama miji ilianza kwenye mito: Tigris, Eufrati, Nili, Indus, Huang He. Sasa sisi tuko na mto Kongo, maji yake inapita ya ile mito yote, juu ya nini hatuko mu ile orodha?*

Mdogo wangu, swali lako njo linanipendeza kuliko mengine kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kosa la vitabu vyetu ni kusema mto, mto, mto, kama vile mto wenyewe ndio unazaa mji. Ingekuwa ni mto tu, basi Kindu, mji wetu pembeni ya mto huo, ingekuwa Uruk.

Angalia Uruk ilikuwa wapi. Kule mvua haifiki hata milimita 200 kwa mwaka, sisi hapa Goma tunapita 1000 na bado tunalalamika kwamba haijanyesha. Mtu akilima Masisi, mvua inakuja kwake na kwa jirani yake sawasawa, hakuna anayeifunga kwa kufuli, na shefu akimsumbua sana anabeba jembe na watoto anavuka kilima anaanza upya. Kule kusini ya Mesopotamia, nchi ya kati ya Tigris na Eufrati, ukiacha mfereji ukatembea kidogo tu uko jangwani. Kwa hiyo anayeshika mfereji amekushika na wewe. Na mfereji si kitu unachimba mara moja ukaenda kulala, kila mwaka mto unashusha tope, tope linajaza, watu wanaingia na majembe kuzibua, ni salongo (kazi ya pamoja ya lazima) isiyoisha, na salongo inataka mtu wa kupanga nani anachimba wapi, nani alikuja, nani alijifanya mgonjwa. Tena Tigris na Eufrati zina tabia mbaya, zinajaa Aprili na Mei wakati shayiri inakaribia kuvunwa, yaani maji mengi yanakuja siku ambayo huyataki, na wakati wa kupanda ambapo unayataka yamepungua. Nili ilikuwa na adabu kidogo: ilipanda kuanzia Julai, ikarudi chini Oktoba, ikaacha tope jipya, mtu anapanda.

Kitu cha pili ni chakula chenyewe, na hiki vitabu vinakiruka. Shayiri na ngano vinaiva pamoja, mara moja kwa mwaka, wote wanaona. Vinakauka, vinaingia ghalani, vinapimwa kwa kopo, vinakaa mwaka bila kuoza. Mtoza kodi anajua siku ya kuja. Sasa njoo umtoze kodi mwenye ndizi! Anakata mkungu mmoja leo, mwingine wiki ijayo, iliyobaki iko juu ya mti, na ukisema uzibebe zote hadi ikulu zitafika zimekuwa kasiksi, pombe ya ndizi. Muhogo ni mbaya zaidi kwa serikali, unakaa chini ya ardhi umejificha mwaka mzima au zaidi, lakini huo ni mgeni kwetu, ulitoka Amerika ukaletwa na Wareno, wakati wa Uruk haukuwepo huku. Ndiyo maana kuna wataalamu wanaosema kwamba kinachozaa mji na wafalme si ardhi tajiri, ni chakula kinachohesabika. Mimi nakubaliana nao, si kwa yote, lakini kwa sehemu kubwa.

Na usiseme hatukuwa na kitu. Kule Katanga, bonde la Upemba, mto Lualaba unapita katikati ya maziwa na matete, na pembeni ya ziwa Kisale, pale Sanga, waakiolojia walianza kuchimba 1957 wakakuta makaburi mengi ajabu, watu wamezikwa na vyungu vizuri sana, na vito vya shaba, na makaburi ya baadaye yana misalaba midogo ya shaba iliyokuwa inatumika kama franga. Kwenye bonde hilo watu wengi walikaa pamoja tangu zaidi ya miaka 1000 iliyopita, wanaishi kwa samaki na mashamba, na utawala wa Waluba una mizizi yake pale. Ukitaka mji kamili kwenye mto wa Afrika, mbali na Misri, tafuta Jenne-jeno kule Mali, kwenye mto Niger: ulianza karibu 250 KK, ukakua ukawa mji mkubwa, na mpaka leo hawajaona jumba la mfalme pale. Mafundi wa chuma huku, wavuvi kule, wafinyanzi pale, kila kundi na kilima chake, wanabadilishana vitu. Kwa hiyo orodha yako ya mito 5 si uongo, ni fupi tu. Lakini kwenye mtihani andika vile mwalimu wako anataka, mimi sitakuwa pale kusahihisha.

*Mwalimu, mie ni mama wa kuuzisha maharage pa soko ya Virunga. Mutoto wangu alisema kama batu ba zamani balianza kuandika juu ya maombi, ya kuandikia Mungu. Ni kweli?*

Mama, mwambie mtoto aketi chini. Walianza kuandika kwa sababu yako wewe, mama wa maharage, yaani kwa sababu ya deni.

Kwanza hawakuandika kabisa. Walikuwa na vijiwe vidogo vya udongo, kimoja kinasimama kwa kondoo, kingine kwa kipimo cha nafaka. Halafu wakaanza kuvifungia ndani ya mpira wa udongo mtupu katikati, mkubwa kama chungwa, wanaugonga muhuri juu ili asiufungue mtu njiani. Lakini sasa ukishafunga huoni ndani kuna ngapi, na kuuvunja ni kuharibu ushahidi, kwa hiyo wakawa wanavigandamiza vile vijiwe kwa nje kabla ya kufunga, alama zikabaki. Siku moja akili ikafunguka: kama alama ziko nje, vya ndani vya kazi gani? Mpira ukalala ukawa kibao. Hivyo karibu 3300 hadi 3200 KK pale Uruk mtu anachukua udongo mbichi, anaupapasa mkononi mpaka unakuwa kama kipande cha sabuni, anakata tete, anachora kichwa cha ng'ombe na anabonyeza mashimo ya namba. Udongo unakauka. Kazi imeisha, hakuna atakayebisha.

Vibao vya wakati ule vimepatikana maelfu, na sehemu kubwa sana ni hesabu: shayiri, pombe, kondoo, nguo, wafanyakazi. Kimoja kinajulikana sana, kinasema hivi tu: vipimo 29,086 vya shayiri, miezi 37, Kushim. Huyo Kushim labda ni mtu, labda ni cheo cha ofisi, lakini kama ni mtu basi ni mmoja wa watu wa kwanza kabisa duniani ambao jina lao limeandikwa, na si mfalme, si nabii, ni karani wa ghala la kutengenezea pombe. Mashairi na nyimbo za miungu vilikuja karne nyingi baadaye.

Nina jirani mwenye butiki hapa Katindo, kaye yake ya deni imekunjamana kwa mafuta, kila jina lina vijistari, vinne vimesimama na cha tano kinawapita katikati, ukilipa anafuta kwa biki nyekundu. Nilimwonyesha picha ya kibao cha Uruk kwenye simu, akaitazama muda mrefu halafu akaniuliza: "Na huyu alilipa?"

Nikiwa hapo hapo mama, kuna bakuli. Uruk wamechimbua bakuli za udongo mbaya mbaya, zenye ukingo uliokatwa mshazari, zote karibu saizi moja, maelfu kwa maelfu, zimetupwa kama sahani za plastiki baada ya harusi. Wengi wanaamini zilikuwa za kupimia posho ya wafanyakazi. Na kwenye maandishi ya kwanza alama ya chakula inafanana na bakuli hilo, ukiiweka mbele ya kichwa cha mtu inasomeka "kula". Miaka 1000 baadaye, wakati wa wafalme wa Ur, mji mwingine wa Wasumeri, posho iko na bei ya kudumu: mwanaume anapewa kama lita 60 za shayiri kwa mwezi, mwanamke 30. Najua unachosema sasa hivi pale sokoni, nakusikia mpaka huku.

*Papa Mwalimu, nasukuma chukudu (kigari cha mbao cha mizigo) toka Kibumba. Nani alitengeneza gurudumu la kwanza?*

Jina lake hakuna anayelijua, kaka. Karibu 3500 KK tunaanza kuona gari la magurudumu sehemu mbalimbali kwa wakati mmoja: kwenye vibao vya Uruk kuna alama ya gari, na Poland kuna chungu cha wakati huo huo kilichochorwa gari la magurudumu manne. Gurudumu la mbao la zamani kuliko yote lililopatikana zima liko Slovenia, Ljubljana, lina kama miaka 5150, na ukiliona utacheka, ni mbao zilizounganishwa kama za chukudu yako, isipokuwa halina kile kipande cha mpira wa tairi.

*Mzee wangu, niko Majengo. Kuna mutu alibishana nami pa kabare asema maji ya Rutshuru inafika Misri, asema sisi njo tulimwagilia piramidi. Mimi nilimwambia ni bongo, uongo mtupu. Nani atalipa pombe?*

Wewe utalipa, pole. Mto Rutshuru unaingia ziwa Edward, Edward inatoa mto Semliki, Semliki inaingia ziwa Albert, na Albert inatoa Nili. Kwa hiyo mvua inayonyesha upande wa Rutshuru ina barabara ya kufika Kairo. Ile inayonyesha hapa Goma ikiingia ziwa Kivu inakwenda upande mwingine kabisa: Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, Lualaba, mto Kongo, bahari ya Atlantiki. Milima ya Virunga ndiyo iliyotutenganisha, zamani sana Kivu nayo ilikuwa inamwaga kaskazini, volkano zikaziba mlango.

Lakini rafiki yako naye asijivune sana, anunue hata moja. Mafuriko yaliyolisha Misri, yenye tope jeusi, yalitoka hasa Ethiopia, kwa Nili ya Buluu na Atbara, wakati wa masika yao. Maji yetu ya maziwa makuu yalikuwa yanaushikilia mto usikauke miezi mingine.

Na kwa kuwa mmetaja piramidi: mwaka 2013 kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, mahali panapoitwa Wadi al-Jarf, waligundua vipande vya mafunjo vilivyoandikwa wakati wa Farao Khufu, yule wa piramidi kubwa. Ni ya zamani kuliko mafunjo yote yenye maandishi tunayojua. Unategemea sala? Hapana. Ni kitabu cha safari cha mkubwa mmoja wa timu, anaitwa Merer, anaandika leo tumepakia mawe Tura, kesho tunapanda na mashua, tumelala wapi, tumefika Giza. Pamoja nayo kuna hesabu za chakula cha watu wake. Kaye tena.

Kitu kimoja zaidi kwa sababu ni cha kwetu. Pale pale Semliki inapotoka ziwa Edward ndipo Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo, urefu wa kama kidole kirefu, una jiwe gumu liitwalo quartz kwenye ncha na mistari iliyochongwa kwa mafungu mafungu katika safu tatu. Una miaka kama 20,000. Sasa hivi uko Brussels. Safu mbili, ukijumlisha mistari, kila moja inatoa 60, na kwa kuwa Wasumeri nao walihesabu kwa 60 (dakika zako kwenye saa zimetoka kwao) kuna watu wanaruka juu wanasema Ishango ndiyo iliwafundisha Wasumeri. Acheni. Kati yao kuna miaka zaidi ya 14,000. Inatosha kusema kwamba wavuvi wa Edward walikuwa na sababu ya kuchonga hesabu zamani sana, hiyo peke yake ni kubwa.

*Mwalimu, niko Ndosho, nasimama foleni ya bidoni za maji toka saa kumi na moja asubuhi. Ile miji ya zamani, watu walipata maji namna gani?*

Ee mama yangu. Hapa naona hata aibu kukujibu, kwa sababu ziwa liko pale linang'aa na wewe uko juu ya makoro (mawe ya volkano) na bidoni tupu.

Nenda Mohenjo-daro, bonde la Indus, Pakistani ya leo, kati ya 2600 na 1900 KK. Watafiti wanakadiria mji ule ulikuwa na visima kama 700, vimejengwa kwa matofali yaliyokatwa mfano wa kabari ili yakae duara yasianguke ndani. Nyumba nyingi zina sehemu ya kuogea, sakafu imelazwa matofali yaliyobana, ina mteremko kidogo, maji machafu yanatoka kwa tundu ukutani yanaingia kanivo (mfereji) ya barabarani, na kanivo imefunikwa. Imefunikwa, nasema! Kuna na bwawa kubwa, mita 12 kwa 7, wamelipaka lami ya asili lisivuje. Matofali yao miji yote yana kipimo kimoja, unene 1, upana 2, urefu 4, na mawe yao ya mizani ni sawasawa toka mji hadi mji. Na maajabu ni kwamba hakuna jumba la mfalme lililo wazi, hakuna kaburi la dhahabu, na maandishi yao hakuna aliyeyasoma mpaka leo. Nani alipanga zile kanivo? Hata mimi ningependa kumjua, ningemwalika Ndosho.

Matofali hayo yalikuwa mazuri mpaka yakawaponza. Miaka ya 1850 Waingereza walikuwa wanajenga reli ya Lahore kwenda Multan, makontrakta wakakuta pale Harappa, mji mwingine wa bonde la Indus, milima ya matofali ya kuchomwa, wakayabeba wakayavunjavunja wakayalaza chini ya reli. Treni ikawa inapita juu ya mji wa miaka 4000 na hakuna aliyejua. Dunia iliambiwa miji hiyo ni nini mwaka 1924 tu.

*Mwalimu, jirani yangu wa juu alipasua mfereji wake, maji ya mvua yote inaingia kwangu, imebomoa jiko. Zamani wangefanya nini?*

Nilisema mambo ya parseli sitajibu, lakini hili lina jibu la jiwe kwa hiyo nalipitisha. Hammurabi, mfalme wa Babeli, karibu 1750 KK, sheria ya 53: mtu akiwa mvivu asitengeneze kingo ya mfereji wake, ikapasuka, maji yakaharibu shamba la mwenzake, atalipa nafaka iliyopotea. Sheria ya 54: kama hana cha kulipa, anauzwa yeye na mali yake, na wale waliopata hasara wanagawana franga. Jiwe lenyewe, jeusi kama makoro yetu, refu kunipita, liko Paris, Louvre. Usimwonyeshe jirani ile ya 54. Mwonyeshe 53, na uende na mzee wa nyumba kumi kama shahidi, maana Umma na Lagash, miji miwili ya Wasumeri iliyopakana, walianza hivi hivi na shamba moja na mfereji wake, wakapigana zaidi ya miaka 100.

*Na ile Uruk iko wapi leo?* (Hii imeandikwa nyuma ya karatasi ya madawa, haina jina wala kartiye.)

Iko pale pale, inaitwa Warka. Iliishi na watu zaidi ya miaka 4000, ambayo ni ndefu, sisi Goma bado hatujamaliza hata 200. Maji ya mifereji kule yakikauka juani yanaacha chumvi, mwaka kwa mwaka, katika nchi ile ngano ikashindwa, wakabaki na shayiri inayovumilia, na shayiri nayo ina mwisho wake. Utawala ukahamia miji mingine. Halafu Eufrati yenyewe ikahama, ikaenda kupita mbali, na mji wa mto bila mto ni vumbi tu. Wajerumani walianza kuchimba pale 1912. Ukitembea juu yake leo unakanyaga vipande vya zile bakuli za posho.

Yule wa Birere aliyeuliza juu ya mnara wa Babeli: barua yako ilinyeshewa, wino umeenda wote, nimeona tu neno "mnara" na namba ya simu isiyokamilika. Andika tena, na safari hii tumia biki.